Mume wangu kaijaribu pikipiki kwa niaba yangu, anasema ninunue

Shikamoo Anti,

Kwanza naomba jina langu usiliweke maana Njombe ni ndogo na pikipiki kubwa huku zinahesabika kwa vidole, mtu akisoma mistari miwili tu keshajua ni nani.

Nina miaka 36, nimeolewa, tuna watoto wawili. Mimi ni bibi shamba, nazungukia wakulima wa parachichi kwenye mradi mmoja, na huu ni mwaka wa nane naendesha Honda XR150 ya kazini. Mvua yangu, jua langu, kuna vijiji vya Ludewa huko ukimkodi bodaboda anakwambia dada mimi mwisho wangu hapa, mimi napita. Nimeanguka mara nyingi tu kwenye tope, nainyanyua, napangusa usukani, naendelea. Sijisifu Anti, ila kuendesha najua na leseni ninayo.

Sasa mradi unaisha na pikipiki inarudi kwa wenyewe. Kikoba chetu tulivunja Desemba, nikaongeza na hela ya parachichi zangu mwenyewe, nina milioni 19 na chenji. Nataka pikipiki yangu, na sio ndogo tena. Tangu nimeanza kazi hii nina ndoto ya kutoka hapa Njombe nipite Makete, nikatize Kitulo kipindi maua yamechanua, niteremke Tukuyu mpaka Matema nikaoge ziwani, halafu mwaka unaofuata niende mbali zaidi, hata Kigoma. Mume wangu hiyo ndoto anaijua na hajawahi kuipinga.

Kuna mzee mmoja mstaafu, mtu wa heshima, tunasali naye, na huko nyuma alikuwa bosi wa mume wangu. Anauza Honda Africa Twin yake ya 2016, ile ya cc 998, anataka milioni 18. Imetunzwa, kadi ina jina lake, kila kitu safi. Nikaenda mwenyewe kumsalimia nikamwomba niijaribu. Akacheka, akasema, "Mwambie mwenzio aje, hili dude sio la kina mama." Nikanyamaza, mzee yule nitamjibu nini? Jumamosi mume wangu akaenda. Alipotea nayo njia ya Makambako saa nzima, akarudi meno yote nje, anasema mke wangu nunua, hii ni ndege.

Nikasema na mimi basi nijaribu, hata hapahapa uwanjani. Mzee akakubali kwa shingo upande, akaniambia mbele za watu, "Ukiiangusha umeinunua." Nikapanda. Anti mimi ni mfupi, nina sentimeta 158, vidole tu ndo vilikuwa vinagusa chini. Raundi ya kwanza vizuri kabisa, ya pili vizuri, ya tatu nakata kona kurudi pale walipo, kwenye kokoto, kuku akakatiza. Nikabana breki ya mbele. Ikasimama halafu ikaanza kulala, taratibu, mimi naisikia kabisa inaenda, nikaishikilia kama sekunde moja hivi paja linatetemeka, ikanishinda. Ikalala. Sikuumia hata kidogo. Mkono wa klachi ukakatika ncha, saitimira ikapasuka. Mzee akasema "unaona sasa," na mume wangu Anti, mume wangu akacheka. Sio sana, lakini alicheka. Nililipa laki moja na themanini siku hiyohiyo.

Sasa mzee anasema kuna mtu wa Mbeya anaitaka, mwisho wa mwezi anamuuzia. Mume wangu anasema nunua tu utaizoea, na siku hizi anaiita "pikipiki yetu". Dada yangu anasema hela hiyo nijenge fremu nipangishe. Mimi naiota usiku. Halafu nikikumbuka ile kusimama na kulala, tumbo linakata. Ningependa niijaribu tena, barabarani, bila watu, hata nusu siku, lakini naona aibu kumrudia mzee na naogopa itaonekana simwamini yeye wala mume wangu ambaye ameshaijaribu na kasema ni nzima. Ile ncha ya klachi iliyokatika niliiokota, iko kwenye droo yangu kazini, sijui hata kwa nini.

Ninunue nitaizoea? Au nikubali tu kwamba mimi ni mfupi na haya mambo sio yangu?

Bibi shamba, Njombe

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, kamwene.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya benki nikacheka kwa sababu ya yule kuku mpaka mlinzi akaniangalia, ya pili nyumbani usiku, na hiyo ya pili sikucheka. Ngoja nikusimulie nilivyoielewa halafu utaniambia kama nimekosea. Kuna pikipiki moja na watu wawili wameijaribu. Aliyeijaribu saa nzima, barabara ya lami, peke yake, kichwa kimetulia, sio yeye anayenunua. Na anayenunua, kwa hela yake ya kikoba na parachichi, kapewa raundi tatu uani, kwenye kokoto, watu wamesimama wanaangalia, na sharti la kutishwa juu. Halafu kutokana na hizo raundi tatu wewe umeshajihukumu kwamba ni mfupi na mambo haya sio yako. Mbona haraka hivyo mwanangu?

Hilo la ufupi lilinikaa kichwani nikampigia mpwa wangu, yeye gereji yake inafungua hizi pikipiki kubwa, nikamuuliza maswali mpaka akaniuliza shangazi unataka kununua? Kaniambia hivi. XR150 yako kiti chake kiko kama sentimeta 83 kutoka chini. Hiyo Africa Twin ya 2016 kiti kinafungwa sehemu mbili, ukikifunga chini ni sentimeta 85, ukikifunga juu ni 87. Sasa hesabu mwenyewe. Kikifungwa chini tofauti haifiki hata upana wa vidole viwili vyako. Miaka nane umegusa ardhi kwa vidole na umepita Ludewa. Kwa hiyo mimi nina mashaka kama ni urefu ndo uliokuangusha, na nina swali: siku ile kiti kilikuwa kimefungwa juu au chini? Mzee au mumeo wenye miguu mirefu wakikifunga juu hawana habari, wewe hizo sentimeta mbili ndo kisigino chako.

Kilicho tofauti kweli ni uzito. XR ina kilo kama 130. Hiyo nyingine, yenye breki za ABS (zile zinazozuia tairi lisikwame ukibana) na tangi limejaa, ni 232. Wewe ni mtu wa mbolea, nitakwambia kwa lugha ya stoo: ni XR yako imebeba mifuko miwili ya kilo 50, na haijafungwa chini kwenye keria, imefungwa juu kwenye tangi. Ikiwa wima huisikii. Ikishapita pale mahali inapoanza kulala, hakuna paja la kuizuia, liwe la mwanamke au la mwanaume. Hata hao warefu zinawalalia, sema wao wanaangushia porini ambako hakuna wa kucheka.

Na kuna kitu umekiandika haraka ukakipita. Umesema ulikuwa unakata kona, mwendo wa polepole, kwenye kokoto, ukabana breki ya mbele. Mpwa wangu nilipomsomea hapo akasema "basi, hapo hapo." Usukani ukiwa umekata na mwendo ni wa kutembea kwa miguu, ukibana breki ya mbele pikipiki inajitupa upande uliokata, yoyote iwayo. Kwenye XR unafanya hivyohivyo kila siku na hujui kama ni kosa kwa sababu mguu wako unaiokoa. Kwenye hii mguu hauokoi. Mwendo huo wanatumia breki ya mguu, na klachi inakaa nusu. Sasa sikwambii hivi ili ujione fundi aliyebahatika kukosea kidogo. Nakwambia ili utenganishe mambo mawili ambayo naona umeyafunga kitita kimoja, lile la tabia ya mkono ambalo mtu anajifunza kwa wiki kadhaa, na lile la kilo 100 za ziada ambazo hata ukijifunza mwaka mzima zitakuwa palepale, siku ya mvua, Mawengi huko Ludewa, saa kumi na mbili jioni, uko peke yako.

Kwa hiyo "utaizoea" ya mumeo ni kweli nusu. Pikipiki kubwa ikishaondoka inakuwa nyepesi, ndo maana alirudi anacheka, aliijaribu pale inapojua kuringa. Shida zake zote ziko mita tano za kwanza na mita tano za mwisho, kuitoa bandani, kuigeuza kwenye njia nyembamba, kusimama kwenye mteremko mkulima anataka kukusalimia. Hayo hakuyajaribu. Hakukudanganya, alijaribu pikipiki nyingine, ile ya mwanaume wa urefu wake kwenye lami.

Nilitaka nisimguse mumeo sana lakini wewe mwenyewe umemtaja mara nyingi kuliko pikipiki. Kile kicheko. Inawezekana kilikuwa cha woga, kuna watu wakiona mwenzao kaponea wanacheka bila kupenda, mimi mwenyewe nilicheka kwenye msiba mmoja na mpaka leo naona aibu. Inawezekana pia kilikuwa cha kutaka kuwa upande wa bosi wake wa zamani. Sijui, na wewe hujui kwa sababu hujamuuliza. Na hii "pikipiki yetu", mwanangu, inakufurahisha au inakukwaruza? Mke na mume kusema "yetu" ni jambo jema, nyumba inajengwa hivyo, ila kama ukifumba macho unaiona Jumamosi imeondoka na yeye na wewe uko sokoni kwa miguu, hilo liseme kabla hela haijatoka. Kadi itaandikwa jina la nani, na nani anaiendesha siku gani. Ukilisema vibaya anaweza kukuona mchoyo, ukilinyamazia linaweza kuota mizizi. Chagua siku ambayo wote mmeshiba.

Tuje kwa mzee. Unaamini kwamba ukirudi kuomba utakuwa umemtukana. Nikuulize, kwenye mnada tunamfungua ng'ombe mdomo tunahesabu meno, mwenye ng'ombe amesimama hapo hapo, nani amewahi kununa? Milioni 18 ni ng'ombe wengi. Na wewe tayari umemwonyesha wewe ni nani, umeangusha ukalipa laki na themanini jua halijazama, bila kupiga kelele. Wapo wanaume wangezunguka miezi mitatu. Ile "sio ya kina mama" iliniuma hata mimi ila sina hakika kama ni dharau tupu, anaweza kuwa anaogopa kuja kuambiwa kanisani kwamba pikipiki yake imemvunja mguu mama wa watoto wawili. Ukienda kwake na hofu hiyo umeitangulia, maongezi yanaweza kubadilika. Kama kwenda mwenyewe kunakupa shida, tuma mtu wa rika lake, hata posa tunatuma mshenga.

Akikubali, muandikiane. Karatasi moja, saa ngapi mpaka saa ngapi, barabara gani, ikianguka nani analipa nini, na bei ya mkono wa klachi na saitimira mnaijua kabisa ili isije ikawa bei ya hasira. Muulize na bima. Kama ni ile ndogo, hiyo inalipa mtu uliyemgonga, pikipiki yenyewe hailipi. Na ujue kabisa unaweza kuiangusha tena, mbele ya macho yaleyale, ukalipa tena, ukaondoka bila pikipiki. Hiyo ni hasara unayoweza kuihesabu leo, laki mbili tatu na aibu ya wiki moja. Pima tu kama uko tayari nayo.

Na siku hiyo usikimbilie kuwasha. Kwanza mwambie ajaze tangi au ujaze wewe, linaingia lita 18.8, hiyo ni kama kilo 14 na zote ziko juu, pikipiki ya kuuzwa mara nyingi inakaa na mafuta ya kunusia na inakudanganya. Vaa buti zako za shamba, sijui Jumamosi ile ulivaa nini lakini nahisi vilikuwa viatu vya kwenda kwa watu. Ikiwa imezimwa itoe bandani kwa kuisukuma, igeuze, irudishe. Halafu fanya kile ambacho wengi hawakifanyi, ilazeni chini pole pole kwenye majani, uinyanyue. Mpwa wangu anasema unaipa mgongo, makalio kwenye kiti, usukani umekata mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye chuma cha nyuma, unarudi kinyumenyume kwa hatua ndogondogo, miguu ndo inafanya kazi sio mgongo. Ikiwa imelalia kulia, stendi uitoe kabla, isije ikapitiliza upande wa pili. Ukiweza mara mbili mfululizo utajua kitu kimoja. Ukishindwa utajua kingine, na hicho kingine nacho ni cha thamani.

Barabara usichague ya Makambako. Chagua yako ya kila wiki, na mzigo wako wa kila wiki.

Mzee akikataa, wapo watu Arusha na Moshi wanaokodisha pikipiki kubwa kwa watalii, ni nauli na ni siku kadhaa na haitakuwa hiyohiyo pikipiki, ila mwili wako utakuwa umepata jibu. Ipo pia njia ya kununua ya kati. Hapo nikuonye, usidhani iliyo fupi ni nyepesi, ile Royal Enfield Himalayan ya cc 411 kiti chake kiko sentimeta 80 tu, unakanyaga vizuri, lakini uzito ni kilo 199, bado mfuko mmoja na zaidi juu ya XR yako. Nayo ijaribu kama hii, isikuhonge kwa kiti.

Kuna jambo hukuniambia na mimi naogopa kidogo. Mradi ukiisha, mshahara unaendelea kutoka wapi? Ukitoa 18 kwenye 19 unabaki na moja na chenji, na hapo kuna bima, kubadilisha jina kwenye kadi, matairi, na tairi la inchi 21 la mbele sio kitu unakikuta kila duka kama la Boxer. Dada yako na fremu zake hasemi upuuzi hata kama amesema kwa mdomo wa kuudhi. Umeshauliza hizo XR za mradi zitakwenda wapi? Miradi mingi ikifunga vitu vinauzwa kwa zabuni na wafanyakazi wanaruhusiwa kuomba. Ungeipata hiyo, kazi inaendelea na sehemu kubwa ya hela ipo. Ubaya wake naujua pia, tutafika 2035 bado unaniandikia kuhusu Matema. Na Matema, nisikufiche, hata XR inafika. Kitulo inapita. Labda hutaki tu kufika, unataka kufika juu ya kile kidude kikubwa, na hiyo sio dhambi, hata mimi nina vyombo kabatini vikubwa kuliko wageni wangu. Ila ujiambie ukweli ni ipi.

Huyo mtu wa Mbeya anaweza kuwepo kweli. Akiichukua utaumia, pengine utalia. Pikipiki zitauzwa na nyingine.

Nimebaki nafikiria ile ncha ya klachi kwenye droo. Mtu aliyekata tamaa na kitu hatunzi kipande chake, lakini pia wapo wanaotunza ili wasisahau maumivu, mama yangu alitunza risiti ya ng'ombe aliyekufa wiki moja baada ya kununuliwa. Wewe ni wa aina gani sijui. Jumatatu ukifika kazini ifungue hiyo droo, ishike, usikilize kama tumbo linakata au linacheza, halafu niandikie. Na uniambie kiti kilikuwa kimefungwa wapi.

Anti yako